Elimu kwa umma: namna ya kubaini chanzo pale trekta dogo la dizeli linapochemsha

Kila msimu wa kulima unapoanza, malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la ukaguzi wa zana za kilimo hufanana: trekta linawaka vizuri na lina nguvu, lakini likikaa shambani muda mfupi mshale wa geji ya joto unapanda hadi kwenye nyekundu. Malalamiko ya namna hii yameongezeka, na mara nyingi trekta linapotufikia limekwisha kupita kwa mafundi wawili au watatu, thamostati (vali inayofungua njia ya maji ya kupoozea injini ikishapata joto) imetupwa, na chanzo chenyewe bado kipo palepale.

Mshale ukipanda, ondoa mzigo na uiache injini izunguke taratibu kwa dakika chache ili feni na pampu ya maji ziendelee kuipooza. Lakini ikiwa mkanda umekatika au maji yamekwisha kumwagika, izime mara moja. Kifuniko cha rejeta, yaani kile kipozeo cha maji ya injini kilicho mbele ya feni, kisiguswe mpaka injini ipoe. Matrekta mengi madogo yana kifuniko chenye namba 0.9 (kipimo cha shinikizo kwa bar), maana yake kinashikilia shinikizo ambalo linayafanya maji yasichemke mpaka yakaribie nyuzi 118. Ukikifungua, shinikizo linatoweka na maji yote yanachemka kwa mpigo, usoni mwako. Kumimina maji baridi kwenye injini yenye joto hakuipoozi bali huweza kuipasua silinda hedi (kichwa cha chuma kinachofunika silinda kwa juu), na jambo hili tumelieleza mara nyingi kuliko tunavyopenda.

Baada ya hapo jiulize trekta linachemsha wakati gani. Linalochemsha likiwa na jembe tu, likatulia likitolewa mzigo, kwa kawaida lina rejeta iliyoziba kwa sehemu, mkanda unaoteleza, au dereva anayelima kina kikubwa kwa gia isiyofaa. Linalochemsha hata likiwa limesimama bila mzigo huenda limepungukiwa maji, thamostati yake imekwama ikiwa imefunga, au pampu ya maji haisukumi. Linalorusha maji nje dakika chache tu baada ya kuwashwa likiwa la baridi lichunguzwe hedi gasketi, yaani kile kizibo bapa kati ya silinda hedi na bloku ya injini. Ijapokuwa mpangilio huu hautoi jibu la mwisho, unaokoa siku nzima ya kufungua nati zisizohusika.

Chunguza njia ya hewa kabla ya njia ya maji. Mwenye trekta hutazama rejeta kwa mbele, akaiona inang'aa, akaapa kwamba ni safi. Trekta moja tulilolikagua lilikuwa hivyo hivyo: wavu wa mbele ulikuwa umepigwa brashi, lakini tulipowasha tochi upande wa feni na kutazama upande wa pili, mwanga haukupenya isipokuwa kwenye ukanda mwembamba wa juu. Kati ya rejeta na kipoza mafuta ya haidroli kilichofungwa mbele yake palikuwa na makapi na vumbi lililolowa mafuta, vimeshikamana kama blanketi. Uchafu wa namna hii huondolewa kwa kupuliza hewa kutoka upande wa feni kwenda nje, kwa nguvu ndogo, kwa sababu mapezi ya rejeta hulala yakipigwa na hewa kali, na yakilala yanaziba kuliko makapi yenyewe.

Mkanda wa feni ukibonyezwa kwa kidole gumba katikati ya puli mbili unapaswa kushuka takriban milimita 7 hadi 10. Kitabu cha trekta ndicho chenye kauli ya mwisho. Mpira wa chini wa rejeta nao utazamwe injini ikiwa katika mwendo wa juu, kwa kuwa uliolegea hujikunja ndani kwa mvuto wa pampu na kuzuia maji, kisha hurudi hali yake injini ikizimwa, asiuone mtu.

Sasa thamostati. Kuing'oa na kuitupa si matengenezo. Injini ya dizeli inayofanya kazi ikiwa baridi haiunguzi mafuta vizuri. Dizeli isiyoungua huteremka kwenye kuta za silinda, ikachanganyika na oili, na injini ikalika kabla ya wakati wake. Kuipima ni rahisi: itundike ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, pasha moto, utazame kama inaanza kufunguka karibu na nyuzi zilizoandikwa juu yake, ambazo mara nyingi ni 71 au 82. Ikifunguka, irudishe mahali pake.

Kwa hedi gasketi, jaza rejeta injini ikiwa baridi, acha kifuniko wazi, kisha washa. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyobaki ndani. Yasiyokoma ni moshi wa silinda unaopenya kwenye maji. Oili yenye rangi ya maziwa huthibitisha maji yameingia, ila kutokuwa nayo hakuthibitishi kwamba gasketi ni nzima.

Tuongeze kwamba trekta la mkono la silinda moja, lenye sanduku la maji lililo wazi juu ya injini, limeundwa lipoe kwa maji kuchemka na kuwa mvuke. Mvuke huo si hitilafu. Ongeza maji.

Kwa wanaodai haki chini ya dhamana, lete fomu ya malalamiko ikiwa nakala mbili, namba ya injini kama ilivyogongwa kwenye bloku (si ya chesisi), masaa yaliyosomwa kwenye mita siku ya hitilafu, kumbukumbu za sevisi, na nusu lita ya oili katika chupa safi na kavu, iliyokingwa katikati ya umwagaji, si mwanzoni wala mwishoni. Lakiri ya pampu ya dizeli (muhuri unaofunga skrubu ya kurekebisha kiasi cha dizeli) ikikutwa imekatwa, shauri hufungwa na gharama za ukaguzi hubebwa na mlalamikaji, hata kama pampu haikuhusika, kwa kuwa kuongeza dizeli huongeza joto na hatuna njia ya kujua skrubu ilikuwa wapi awali. Thamostati iliyotolewa iletwe pia. Rejeta iletwe kama ilivyotoka shambani: wengi huiosha kwa heshima, nasi tunaelewa, lakini makapi yaliyobaki nyumbani hayawezi kukaguliwa.