Kyubiti haiwekewi stabilaiza

Kwa mara ya mwisho, jamani: kyubiti, ile biti ya kompyuta ya kwanta inayoweza kuwa 0 na 1 kwa pamoja, haiendeshwi kwa "pima, linganisha, rekebisha". Hivyo ndivyo inavyofanya stabilaiza ya friji uliyonunua Kariakoo: umeme ukishuka inausoma, inaupandisha, na umeme haujali kusomwa. Kyubiti inajali. Ukiipima katikati ya safari, mchanganyiko wa 0 na 1 unavunjika, na hakuna cha kurekebisha tena.

Mrejesho, yaani kupima na kurekebisha papo hapo, upo, sikatai. Mwaka 2011 kundi la mwanafizikia Serge Haroche, Paris, lilishikilia idadi ya fotoni (chembe za mwanga) kwa mrejesho, ila walichungulia kidogo kidogo, atomu baada ya atomu. Hiyo ni kazi nyingine.

Kazi ya kila siku ni kutuma palsi (mpigo mfupi) ya mikrowevu iliyochongwa mapema, macho yamefumbwa. Chukua transmoni, kyubiti ya saketi ya umeme, ya gigahetzi 5: hayo ndiyo masafa ya kuitoa ngazi ya nishati ya 0 kwenda 1. Kutoka ngazi ya 1 kwenda 2, masafa yanapungua kwa megahetzi 250 hivi tu. "Si uongeze nguvu umalize haraka?" Hapo ndipo ninapochoka. Palsi ikifupishwa, masafa yake yanatanuka. Ikiwa ya nanosekunde chache inaamsha na ngazi ya 2, kyubiti inavuja, yaani inatoka nje ya 0 na 1. Dawa, tangu 2009, ni DRAG: unaongeza palsi ya pili iliyohama nyuzi 90, yenye umbo la kasi ya mabadiliko ya ile ya kwanza, ukiigawa kwa ile 250. Kosea alama ya kutoa, uvujaji unazidi.

Nguvu nayo usiikague kwa palsi moja. Ikizidi kwa asilimia 1, palsi ya pi, ile ya kugeuza 0 kuwa 1 kwa mzunguko wa nyuzi 180, inazunguka nyuzi 181.8: kosa la mara 2 au 3 katika 10,000, linalozama ndani ya makosa ya usomaji. Piga 21 mfululizo. Sasa umepitiliza karibu nyuzi 38, na majibu mabovu ni kama 10 katika 100. Halijifichi tena. Punguza nguvu, rudia. Mrejesho wetu ndio huo, kati ya jaribio na jaribio.

Vitabu vinasifu GRAPE, njia ya kompyuta kutafuta umbo la palsi kipande kwa kipande, iliyotoka kwa watu wa NMR (wanaoendesha viini vya atomu kwa sumaku na mawimbi ya redio) mwaka 2005, kana kwamba kompyuta ikishapata umbo bora kazi imekwisha. Bora kwa modeli! Waya unaoshuka hadi kwenye kyubiti, kwenye baridi ya milikelvini 20, karibu na sifuri halisi, unalipinda umbo lenyewe, na palsi ya vipande mia hujui uguse kipi. Mimi nabaki na palsi ya Gauss (yenye umbo la kengele) na DRAG: nguvu, masafa, kiasi cha DRAG. Uvivu? Pengine. Lakini namba tatu nazimaliza asubuhi, kabla masafa hayajahama tena.