ED zikipungua, usishangilie haraka

Wiki hii nimeambiwa tena na meneja rasilimali watu: tangu wafanyakazi waanze kufanyia kazi nyumbani, ED (ruhusa za daktari za kupumzika kazini kwa sababu ya ugonjwa) zimepungua, kwa hiyo afya zao zimeimarika. Hapana! Mwenye homa hawezi kugombania daladala kutoka Mbagala hadi Posta, ila laptopu ataifungua akiwa kitandani. Zamani angepewa ED akalala. Sasa anajibu barua pepe huku anatetemeka, na kwenye ripoti yako anahesabika mzima.

Hata jaribio la kufanyia kazi nyumbani ambalo nyinyi mameneja mnalitaja kila siku halisemi hivyo. Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake waliwafuatilia wahudumu wa simu wa Ctrip, wakala wa safari wa Shanghai, kwa miezi 9 kuanzia Desemba 2010. Walio nyumbani waliongeza utendaji kwa asilimia 13. Ichambueni hiyo 13: takriban 9 zilitokana na kufanya kazi dakika nyingi zaidi kila zamu, yaani mapumziko machache na siku chache za kuugua. Waliridhika zaidi, na walioacha kazi walipungua kwa nusu, hilo silipingi. Lakini waliporuhusiwa kuchagua, karibu nusu yao walirudi ofisini. Walilalamikia upweke.

Na hao walijitolea wenyewe, kila mmoja akiwa na chumba chake cha kufanyia kazi, na siku moja kwa wiki walikwenda ofisini. Msichukue matokeo yao mkayabandika kwa dada wa Manzese mwenye vyumba viwili vya kupanga, watoto watatu, na wakwe wanaomwona yupo tu nyumbani, kwa hiyo wanamtuma.

Kinachonisumbua ni kwamba mimi pia sina namna safi ya kutenganisha ugonjwa uliopungua na ugonjwa uliofichwa. Asiyebanana kwenye daladala huenda kweli haambukizwi mafua ovyo, na analala zaidi. Ndiyo maana kwenye dodoso naweka swali: mara ngapi umefanya kazi ukiwa unaumwa? Majibu bila majina, la sivyo hamtaambiwa ukweli.

Mkitaka ushauri wangu, ni siku mbili nyumbani kwa anayetaka. Bloom alirudi kwenye kampuni hiyohiyo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024, ya wafanyakazi 1,612, yalionyesha mpango huo ulipunguza kuacha kazi kwa theluthi moja bila kushusha utendaji.