Dhoruba ya sumaku inapopiga ukanda wa ikweta: kabla ya kuuliza ni kali kiasi gani, uliza imefika saa ngapi

Kila zinapotangazwa habari za mlipuko kwenye Jua, ujumbe uleule hurudi kwenye magrupu ya WhatsApp: zimeni simu usiku, miale hatari inapita karibu na Dunia. Tumeshalijibu suala hili mara nyingi. Kuzima simu hakukukingi na chochote, na dhoruba ya sumaku, yaani msukosuko wa uga sumaku wa Dunia unaoletwa na Jua, haimdhuru mtu aliyelala nyumbani kwake. Kinachosikitisha ni kwamba ujumbe huo huwashughulisha wasiohusika, huku wanaohusika kweli wakiendelea na kazi bila kuangalia taarifa: wapima ardhi, marubani, mabaharia na waendeshaji wa redio za masafa mafupi.

Kundi hili la pili lina dhana yake potofu, nayo ina gharama kubwa zaidi. Wengi wanaamini dhoruba ni shida ya nchi za karibu na ncha za Dunia kwa sababu huko ndiko mianga ya rangi huonekana angani. Ukanda wa ikweta hauna mianga hiyo, lakini ndio wenye ionosfia (tabaka la anga ya juu lenye elektroni huru) yenye fujo kuliko sehemu nyingine nyingi. Mchana, uga wa umeme ulio kwenye ionosfia (si radi) huinua elektroni juu ya ikweta ya sumaku, kisha elektroni hizo huteremka pande zote mbili na kurundikana takriban nyuzi 15 kaskazini na kusini yake. Mawimbi ya GPS yanayopita kwenye mrundikano huo huchelewa. Kila kizio kimoja cha wingi wa elektroni huongeza kosa la sentimita 16 hivi kwenye L1, masafa makuu ya GPS. Vizio 100, ambavyo si vya ajabu katika miaka ambayo Jua limechangamka, ni mita 16.

Jua likishazama, tabaka la juu la ionosfia huinuka ghafla na sehemu yake ya chini hukosa uthabiti. Hapo huzaliwa viputo vya plazima: maeneo yenye elektroni chache yanayopanda juu na kusambaa mamia ya kilomita. Wimbi la setilaiti likipita humo humetameta, nguvu yake ikipanda na kushuka ndani ya sekunde. Mpima ardhi huliona hilo kwenye skrini: risiva iliyokuwa na fiksi safi (usahihi wa sentimita) inaangukia floti (makadirio yasiyo sahihi kiasi hicho), setilaiti za upande mmoja wa anga zinapotea moja baada ya nyingine, zinarudi, zinapotea tena. Risiva ya masafa mawili hurekebisha ule ucheleweshaji, lakini haiponyi kumetameta. Wauzaji wa vifaa wangefanya vyema kulisema hili waziwazi.

Viputo hivi hutokea hata usiku usio na dhoruba yoyote, hasa majira ya Machi na Septemba. Dhoruba inachofanya ni kubadilisha ratiba. Uga sumaku wa upepo wa Jua ukigeukia kusini, umeme hupenya hadi ikweta karibu papo hapo. Kama mahali ulipo jua linazama, umeme huo husukuma tabaka juu zaidi na viputo vinakuwa vikali. Kama ni usiku wa manane, mara nyingi hulishusha. Saa kadhaa baadaye, upepo wa anga ya juu uliopashwa joto kule kwenye ncha hufika na kuzalisha umeme wa mwelekeo wa kinyume. Jioni inayofuata inaweza kuwa tulivu kuliko kawaida, kisha viputo vikatokea baada ya saa 6 usiku, wakati hakuna aliyevitarajia.

Kwa hiyo dhoruba ya daraja la G5, kali kuliko zote kwenye kipimo cha G1 hadi G5, inaweza kupita bila kukusumbua, na ya G2 iliyofika jua linapozama ikakuharibia kazi ya usiku mzima. Mei 2024 ilitokea G5 ya kwanza tangu Oktoba 2003, na wakulima nchini Marekani walisimamisha trekta zinazoongozwa na GPS katikati ya msimu wa kupanda. Anayesema "mbona mimi sikuona kitu, onyo lilikuwa la uongo" hajaelewa onyo lilisema nini. Mwelekeo wa uga sumaku hupimwa na vyombo vilivyo kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, na hapo huwa imebaki saa moja hivi au chini yake kabla ya dhoruba kufika. Hatuwezi kuahidi zaidi ya hapo.

Kwa usafiri wa anga, utaratibu wa tahadhari wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ulianza Novemba 2019. Tahadhari hutolewa kwa viwango viwili, wastani na kali. Kwa kumetameta kwa nguvu ya wimbi, kipimo cha S4 kikifika 0.5 ni wastani, 0.8 ni kali. Kwa wingi wa elektroni ni vizio 125 na 175. Soma ukanda kwanza: EQN ni kutoka ikweta hadi nyuzi 30 kaskazini, EQS ni hadi nyuzi 30 kusini. Kisha soma utabiri wa saa 6, 12, 18 na 24 zijazo. Saa zote ni za UTC, saa ya pamoja ya dunia; kuzichukulia kuwa za mahali ulipo ni kosa tunalokutana nalo kila mara. Tahadhari haifungi anga wala haimwondolei rubani wajibu wa kufuata maelekezo ya mamlaka yake.

Anayeleta malalamiko ya vipimo vilivyoharibika alete faili la RINEX (data ghafi za risiva), mahali, tarehe na saa ya UTC. Picha ya skrini haitoshi. Bila hivyo hatuwezi kutofautisha kiputo cha plazima na mtu aliyewasha kifaa cha kuvuruga mawimbi, jambo ambalo katika nchi nyingi ni kosa la kisheria na hushughulikiwa na mdhibiti wa mawasiliano, si sisi.