Dishi la kwanza la chaneli za bure: dhana potofu na ukweli wake

Mtu anayetaka kufunga dishi la chaneli za bure kwa mara ya kwanza mara nyingi huanza kwa kuuliza king'amuzi kipi ni kizuri. Swali hilo linakuja mapema mno, kwa sababu king'amuzi ndicho kifaa cha mwisho kuchaguliwa. Kwanza ijue setilaiti: chaneli unazozitaka zinarushwa na setilaiti ipi, iko nyuzi ngapi mashariki au magharibi, inatumia bendi gani (yaani kundi gani la masafa), na mwale wake, yaani mawimbi inayoyaelekeza ardhini, unafika pale ulipo ukiwa na nguvu kiasi gani. Ukishayajua hayo, dishi, LNB (kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi kupokea mawimbi) na king'amuzi ni kama vimeshajichagua vyenyewe. Usipoyajua, utarudi nyumbani na vifaa vizima, vipya, ambavyo havielewani. Inaniuma kuona watu wakipoteza fedha kwa namna hiyo, maana dhana zinazowapoteza ni zilezile kila mara.

"Ukinunua king'amuzi cha chaneli za bure, unapata chaneli zote"

Chaneli ya bure ni ile ambayo mrushaji mwenyewe ameiacha wazi, haikufungwa kwa msimbo. King'amuzi hakifungui kitu. Kinasoma tu kilichoachwa wazi. Kwenye setilaiti moja chaneli zilizo wazi na zilizofungwa hukaa jirani, na zote zinaweza kujitokeza kwenye orodha baada ya kutafuta. Zile za pili zitakuletea maandishi kwamba chaneli imefungwa, basi. Muuzaji akikuahidi kwamba kifaa chake "kinafungua" chaneli za kulipia, anakuuzia njia ya wizi ambayo itakatika siku wenye chaneli watakapobadilisha funguo. Achana naye.

Orodha za mtandaoni kama LyngSat huonyesha kila setilaiti, masafa yake, na ipi imefungwa na ipi iko wazi. Soma orodha hizo kabla ya kutoa hata senti moja, na angalia tarehe ya taarifa, kwa kuwa chaneli huhama setilaiti na nyingine hufungwa bila kuaga.

Wapo pia wanaoamini kinyume chake, kwamba dishi lililowekwa na kampuni ya kulipia haliwezi kupokea chaneli za bure. Dishi ni bati lililopindwa kwa hesabu. Halijui nembo iliyochapwa juu yake, na ukiligeuzia setilaiti nyingine ya bendi inayofaa litafanya kazi vilevile.

"Dishi kubwa ndilo zuri" na "dishi lolote linatosha"

Dhana hizi mbili zinapingana, na zote zina makosa. Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi, kwa sababu king'amuzi kibaya unaweza kukibadilisha kwa dakika moja, lakini dishi lisilofaa utaishi nalo.

Setilaiti za televisheni ziko juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari, na zinazunguka sawa na dunia, ndiyo maana zinaonekana kama zimesimama. Mawimbi yanayotufikia kutoka umbali huo ni dhaifu sana. Kazi ya dishi ni kuyakusanya na kuyaelekeza kwenye nukta moja, pale kinapokaa kichwa cha LNB. Ukiongeza kipenyo mara mbili, eneo la kukusanyia linaongezeka mara nne.

Ila ukubwa unaohitajika unategemea bendi. Bendi ya C iko karibu na gigahezi 4, ambako urefu wa wimbi ni takribani sentimita 7.5. Bendi ya Ku iko kati ya gigahezi 10.7 na 12.75, na wimbi lake ni kama sentimita 2.5. Mwale wa C kwa kawaida husambazwa juu ya eneo kubwa sana, hata bara zima na zaidi, kwa hiyo nguvu inayofika kila mahali ni ndogo, na dishi la mita 1.8 hadi 2.4 ndilo la kawaida. Mwale wa Ku huelekezwa eneo dogo zaidi ukiwa na nguvu nyingi, na mtu aliye katikati ya mwale anatosheka na dishi la sentimita 60 hadi 90.

Zingatia hilo neno katikati. Setilaiti kuonekana angani kutoka kwako haina maana kwamba chaneli zake zinakufikia. Chaneli nyingi za Uingereza zilizo nyuzi 28.2 mashariki hurushwa kwa mwale mwembamba uliolenga visiwa vya Uingereza. Ukisogea mbali kusini, setilaiti ni ileile na dishi unaliongeza ukubwa hadi linakuwa kero, picha bado hakuna. Kila setilaiti ina ramani ya miale yake yenye namba za dBW, kipimo cha nguvu ya mwale. Kadiri namba ya mahali ulipo inavyokuwa kubwa, ndivyo dishi dogo linavyotosha. Setilaiti moja inaweza kuwa na miale kadhaa, kwa hiyo hakikisha ramani unayoisoma ni ya mwale unaobeba chaneli yako, si ya jirani yake.

Dishi dogo mno lina tatizo jingine ambalo wauzaji hawalitaji: jicho lake ni pana. Dishi la sentimita 90 kwenye Ku linaona upana wa nyuzi kama mbili hivi. Ukilipunguza hadi nusu, jicho linapanuka hadi nyuzi nne, nalo litaanza kuchanganya setilaiti unayoitaka na ya jirani ikiwa imekaa nyuzi mbili au tatu pembeni. Dishi kubwa mno nalo jicho lake ni jembamba, upepo ukilisukuma kidogo tu picha inakatika, na linadai nguzo nzito iliyosimama wima kabisa. Ushauri wangu: chukua saizi moja juu ya ile inayotajwa kwa eneo lako, uishie hapo. Ziada hiyo ndogo ndiyo itakayokubeba siku ya mvua.

Kabla ya kulipia dishi la mviringo, hasa lililotumika, beba nyuzi mbili za kawaida za kushonea. Vuta mmoja kutoka ukingo hadi ukingo ukipita katikati, kisha wa pili ukate ule wa kwanza kwa umbo la msalaba. Zikigusana kidogo tu pale katikati, ukingo uko sawa. Zikiachana, au mmoja ukiusukuma mwenzake, dishi limepinda na halitakusanya mawimbi mahali pamoja. Kutu ya juujuu inasafishika. Kupinda ni kugumu kurekebisha. Dishi la wavu linafaa kwa bendi ya C, kwani matundu yake ni madogo sana kulinganisha na wimbi. Kwa Ku, wavu wenye matundu makubwa hupitisha sehemu ya mawimbi nyuma, hivyo chukua la bati zima.

"LNB ni LNB"

Hapana. Ya C haipokei Ku wala ya Ku haipokei C. Kisha umbo lake lazima lioane na dishi. Dishi la mviringo linaloweka LNB katikati kwenye miguu mitatu au minne linahitaji mdomo wa LNB (sehemu ya mbele inayopokea mawimbi) ulio tofauti na wa dishi la yai lenye mkono mmoja chini.

Ndani ya LNB kuna kifaa kinachoshusha masafa ili yaweze kusafiri kwenye waya. Tuseme unataka masafa 3,840 (kwa megahezi) ya bendi ya C. LNB ya kawaida ya C ina namba yake ya kushushia masafa, 5,150. Ukitoa 3,840 inabaki 1,310, na hiyo ndiyo inayoteremka kwenye waya. LNB ya Ku inayoitwa yunivaso ina namba mbili, 9,750 na 10,600: ya kwanza kwa masafa ya chini ya 11,700, ya pili kwa ya juu yake. King'amuzi hakijui LNB yako ni ipi mpaka ukiambie kwenye menyu. Ukiandika namba isiyo yake, utahangaika na dishi kutwa nzima wakati limeelekea sawasawa. Zipo LNB za Ku zenye namba moja tu, zilizotengenezwa kwa huduma fulani. Kwa anayeanza, yunivaso ndiyo salama.

Jambo jingine ni jinsi mawimbi yanavyosimama. Mengi ya Ku hurushwa wima au mlalo. Baadhi ya setilaiti za C hurusha mawimbi yanayojizungusha, kulia au kushoto. LNB ya wima na mlalo peke yake hupoteza nusu ya nguvu ya mawimbi hayo na kuchanganya pande zote mbili. Dawa ni kipande cha plastiki maalumu ya tefloni kinachopachikwa ndani ya mdomo kwa pembe ya nyuzi 45. Kwenye orodha ya masafa, H na V ni mlalo na wima. L na R ni kushoto na kulia. Ukiona L au R, kiulizie kipande hicho.

Ile namba ya 0.1 dB, kipimo cha mvumo wa LNB, iliyoandikwa kwa maandishi makubwa kwenye boksi usiitegemee kuchagua. Kinachotofautisha LNB nzuri na mbaya ni kama masafa yake yanatulia jua linapowaka na baridi inapoingia, na kama mfuniko wake unazuia maji.

"Nataka dishi la HD"

Dishi la HD halipo. Ubora wa picha ni habari ya mrushaji, king'amuzi na runinga. Dishi, LNB na waya hupitisha mawimbi bila kujali yamebeba nini.

King'amuzi ndicho kinachohitaji macho yako hapa. Kwanza, kiwe cha setilaiti. Vile vilivyoandikwa T2 peke yake ni vya antena za minara ya ardhini, na vinanunuliwa kimakosa kila uchao. Tafuta chenye DVB-S2, mfumo wa matangazo ya setilaiti, ambacho husoma pia mawimbi ya zamani ya DVB-S. Pili, kiwe na uwezo wa H.265, unaoitwa pia HEVC. Warushaji wengi wanahamia huko kwa sababu unabana data, na king'amuzi kisicho nao, hata kikiwa kimeandikwa HD kila upande, hukuletea sauti safi juu ya kioo cheusi. Ukikutana na hali hiyo usiguse dishi. Dishi halina kosa.

"Waya wowote utapitisha"

Waya unapeleka pia umeme, volti 13 au 18, kutoka king'amuzi kwenda LNB. Volti hizo ndizo zinazoiambia ichukue wima au mlalo. Tumia RG-6 ya omu 75. Kwa umbali mrefu, au ukiwa na mota ya kuzungusha dishi, chukua ambao kiini chake ni shaba tupu, si chuma kilichopakwa shaba. Unapofunga kichwa cha waya, angalia zile nywele za wavu wa nje. Unywele mmoja ukigusa kiini, umeme wa LNB unakatika na king'amuzi kinaweza kuleta onyo la shoti. Upande wa nje uzungushie mpira usiopitisha maji, kwani maji yakiingia hutembea ndani ya waya.

"Nitagawa waya mmoja kwa runinga mbili"

LNB yenye tundu moja hufuata amri moja kwa wakati mmoja. Sebuleni wakitaka wima na chumbani wakataka mlalo, mmoja atakosa. Nunua LNB ya matundu mawili au manne, kila king'amuzi kiwe na waya wake. Kwa setilaiti zaidi ya moja kuna swichi ya DiSEqC, ambayo king'amuzi huiamuru ichague LNB. Toleo la 1.0 huunganisha LNB hadi nne kwenye waya mmoja. Setilaiti zilizo karibu, mfano Hot Bird ya nyuzi 13 na Astra ya nyuzi 19.2 mashariki, zinaweza kuchukuliwa na dishi moja lenye LNB mbili ubavu kwa ubavu.

Mengine ya haraka

Huhitaji intaneti kutazama. Mvua huiathiri Ku zaidi kuliko C. Lakini C ina adui wake, minara ya 5G inayotumia masafa ya karibu na gigahezi 3.5, ukiwa jirani na mnara, chujio la masafa hupachikwa kati ya mdomo na LNB. Mti ulio mbele ya dishi huzuia hata kama hauna majani mengi, na dishi nyuma ya kioo cha dirisha ni kujisumbua. Picha ikipotea dakika chache kila siku, saa zilezile, karibu na Machi au Septemba, ni jua limepita nyuma ya setilaiti. Subiri, litapita.

"Nguvu ni asilimia 90, kwa nini hakuna picha?"

Mstari wa nguvu hupanda hata dishi likiwa limeelekea anga tupu, maana LNB ikipata umeme hutoa mvumo wake yenyewe. Mstari wa kuangalia ni wa ubora. Kile kipimo kidogo chenye mshale na mlio kinasaidia, ila hulia kwa setilaiti yoyote kinayokutana nayo, na mtu hufunga nati zote akiwa kwenye setilaiti ya jirani. King'amuzi chenyewe, kikiwa kimewekewa masafa yenye nguvu ya setilaiti unayoitaka, ni kipimo cha kuaminika zaidi. Chagua chenye mistari miwili tofauti inayobadilika haraka, na runinga ndogo unayoweza kuipandisha ulipo. Wakati wa kukaza nati za mwisho endelea kuutazama mstari wa ubora, kwa sababu kukaza kwenyewe hulivuta dishi kidogo, na ukiona unashuka, legeza uanze tena.