Je, wajua kwa nini mpiga picha wa okestra husubiri matarumbeta yalie ndipo abonyeze kamera?

Anayepiga picha za harusi Mtwara mjini au Lindi hana sababu ya kuogopa mlio wa kamera yake. Matarumbeta yanavuma, vigelegele vinapokezana, bodaboda za msafara zinapiga honi, na hata ukibonyeza mara mia tatu hakuna atakayegeuka. Mimi nililelewa na kazi hiyo, hadi jioni moja nilipoitwa kupiga picha za tamasha la kwaya katika ukumbi wa kanisa. Feni zilikuwa zimezimwa, na kwaya ikafika mahali ambapo sauti ya kwanza huimba peke yake, kwa chini kabisa, kama mtu anayembembeleza mtoto. Nikabonyeza mara tano mfululizo. Mzee mmoja aliyeketi mbele yangu aligeuka taratibu, akaniuliza, "Mwanangu, hicho kidude chako kinaimba sauti ya ngapi?"

Swali lake lilikuwa la haki. Kamera ya kioo, ambayo bado wapiga picha wengi wanaitumia, ina kioo kidogo kilichoinama ndani yake, nacho ndicho kinachopeleka taswira kwenye tundu unalochungulia. Ukibonyeza, kioo huruka juu, pazia la shata, linaloruhusu mwanga uingie, hufunguka na kufunga, kisha kioo hurudi mahali pake, yote hayo ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, hivyo kile tunachokisikia kama mlio mmoja ni vishindo kadhaa vilivyobanana. Barabarani vishindo hivyo humezwa na kelele nyingine, lakini ukumbi wa okestra umejengwa ili usimeze kitu.

Hapa inafaa tuelewane juu ya neno lenyewe. Wazee wetu wakisikia okestra hukumbuka bendi za dansi zenye magitaa na saksofoni, mfano wa Orchestra Maquis. Okestra ninayoizungumzia ni ile ya wapigaji sitini, themanini au hata mia, wengi wao wakiwa na fidla na ndugu zake wakubwa, ambao kwa kawaida hupiga bila kipaza sauti chochote. Fidla moja inayonong'ona jukwaani lazima imfikie aliyeketi safu ya mwisho kwa nguvu ya ukumbi peke yake, na kwa hiyo kuta, dari na hata viti vya kumbi hizo ni sehemu ya ala.

Aliyeligeuza jambo hilo kuwa sayansi ni Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani. Mwaka 1895 alipewa kazi ya kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambao maneno yalichanganyikana ndani yake, naye akawa anafanya majaribio usiku, mji ukiwa umetulia, akipiga bomba la kinanda, akipima kwa saa muda ambao sauti inachukua kuzimika, kisha akiongeza mito ya viti aliyoibeba kutoka ukumbi wa jirani na kupima tena. Aligundua kwamba vitambaa, mito na miili ya watu hunywa sauti, na kwamba kiasi kinachonywewa kinaweza kupigiwa hesabu. Ukumbi wa Symphony Hall wa Boston, uliofunguliwa mwaka 1900, ulijengwa kwa kufuata hesabu zake, na sauti humo hukaa karibu sekunde 2 kabla ya kuzimika. Ule wa Musikverein wa Vienna, uliofunguliwa mwaka 1870, miaka mingi kabla ya hesabu hizo, nao sauti yake hukaa karibu muda huohuo. Sekunde 2 ni neema kwa fidla. Kwa mlio wa kamera ni aibu, kwa kuwa kuta zinazobeba wimbo hazichagui cha kubeba. Kumbi zetu za huku Kusini, zenye matofali ya matundu na bati juu, zina huruma zaidi: sauti nyingi hutokea dirishani na kwenda zake, na honi za nje huingia kuchukua nafasi yake.

Ndiyo maana mpiga picha wa okestra hufanya kazi kwa sikio kabla ya jicho. Hujifunza muziki mapema ili ajue ni wapi tarumbeta na ngoma kubwa za shaba zitaingia, na huziweka picha zake ndani ya ngurumo hiyo. Chukua simfonia (utunzi mrefu wa okestra) namba 94 ya mtunzi Joseph Haydn, iliyopigwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1792. Sehemu yake ya pili huanza kwa wimbo mwepesi wa chini, wimbo huo hurudiwa kwa chini zaidi, kisha ghafla okestra nzima hupiga pigo moja zito. Anayeujua muziki huo huwa ameshaweka kidole tayari, ilhali asiyeujua huweza kubonyeza pumzi moja kabla ya pigo, mahali pabaya kuliko pote.

Flashi haina nafasi katika kazi hii. Huwapofusha wapigaji wanaosoma noti, hung'aa juu ya shaba za matarumbeta, na mwanga wake ukisafiri umbali maradufu hubaki robo tu, kwa hiyo aliye safu ya ishirini anamulika migongo ya watu.

Msomaji atauliza: si kuna kamera za siku hizi zisizo na kioo, zinazopiga bila mlio wowote? Zipo, na zimewaokoa wengi, lakini nazo zina deni lake. Umeme wetu Tanzania hupigapiga mara 50 kwa sekunde, na taa nyingi za bei nafuu huzidi na kufifia mara 100 katika sekunde hiyo, bila jicho kutambua. Kamera inapopiga kimya, mara nyingi husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, hivyo mistari mingine hukuta taa imezidi na mingine imefifia, na picha hutoka na mikanda ya giza kama kanga. Dawa ni kuweka shata kwenye 1/100 au 1/50 ya sekunde ili kila mstari upate mwanga sawa, ila kwa 1/50 upinde wa fidla, ule mti unaosuguliwa juu ya nyuzi, ukienda kasi huonekana kama moshi.

Hapo sikio hurudi kazini, maana pinde za fidla hazipigwi ovyo. Kiongozi wa kundi huamua ni noti ipi ipigwe upinde ukishuka na ipi ukipanda, na wenzake huandika alama hizo kwa penseli, ndiyo sababu pinde zote huenda pamoja kama makasia ya mtumbwi mmoja. Kabla ya kugeuka, upinde lazima usimame kitambo kidogo, na pinde kumi na sita husimama kwa pamoja. Anayesikiliza mapigo hubonyeza mahali hapo, na hata kwa shata ya polepole hupata kila upinde ukiwa mkali kama wembe.

Kwaya haina pinde, ila ina irabu. Niliporudi katika ukumbi ule nilingoja hadi "Amina" ya mwisho, ambapo sauti zote nne hukaa juu ya "a" moja ndefu, kwa nguvu, midomo imefunguka na vichwa vimetulia, huku mwalimu wa kwaya akiwa ameshikilia mikono hewani. Nikabonyeza mara tatu. Mzee wangu hakugeuka.