Je, wajua kwa nini taa ya eabegi huwaka wakati eabegi yenyewe ni nzima?

Ile taa ya kwenye dashibodi yenye picha ya mtu amekaa na duara kubwa mbele ya kifua, au imeandikwa tu SRS, ikiwaka ikagoma kuzima watu wengi wanawaza moja kwa moja kwamba eabegi, yaani ule mfuko unaojaa gesi kukukinga ukigonga, imekufa. Mara nyingi sio hivyo. Eabegi iko palepale ndani ya usukani, nzima kabisa, haijaguswa na mtu tangu gari litoke kiwandani, kilichokufa ni njia ya kuifikia, yaani waya au plagi au kibati kidogo ndani ya plagi ambacho ukiangalia harakaharaka hukioni. Na njia ikifa ni sawasawa na kutokuwa na eabegi, kwa sababu kontrol boksi, yaani kompyuta ndogo inayosimamia eabegi, ikishaona hitilafu, magari mengi yanazima mfumo wote au upande wenye shida, ukigonga hakuna kitu kinachofumuka.

Swali zuri ni hili: kontrol boksi inajuaje kwamba kuna shida wakati eabegi haijawahi kutumika hata siku moja? Taa ya breki ikiungua utaona haiwaki, honi ikifa utabonyeza haitalia, lakini eabegi huwezi kuijaribu, ukiijaribu ndo imeisha hiyo.

Jibu ni omu 2, omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi njia inavyoubana umeme. Ndani ya kila eabegi kuna kiwashio, kidude kidogo chenye kiwaya chembamba mno kilichozungukwa na baruti kidogo. Umeme wa kutosha ukipita, kiwaya kinapata moto, baruti inashika, gesi inajaa kwenye mfuko, na yote hayo kwa eabegi ya dereva yanaisha ndani ya milisekunde 30 hivi, wakati kupepesa jicho peke yake ni zaidi ya milisekunde 100. Sasa kile kiwaya kina ukinzani wa karibu omu 2, kinapanda na kushuka kidogo kutegemea gari. Ukiwasha swichi tu, kontrol boksi inapitisha umeme mdogo sana, mdogo kiasi kwamba hauwezi kukipasha moto, na kwa umeme huo inapima ukinzani wa njia nzima kwenda na kurudi. Ikikuta omu 2 na pointi inaridhika, taa inazima baada ya sekunde kadhaa. Ikikuta nyingi kupita kiasi inasema waya umekatika au unashika vibaya, ikikuta karibu na sifuri inasema kuna shoti. Na haipimi mara moja ikalala, inaendelea kuangalia muda wote swichi ikiwa imewashwa.

Omu 2 ni kidogo mno jamani. Spika ya redio ya gari kwa kawaida ni omu 4. Taa ndogo ya ndani ya wati 5 ikiwa inawaka ina kama omu 29, ukiiongezea omu 2 za kutu kwenye plagi itaendelea kuwaka na wala hutagundua chochote, lakini omu hizohizo 2 kwenye njia ya eabegi zimeshaongeza ukinzani mara mbili na taa lazima iwake. Ndo maana mfumo huu unalalamika kwa vitu ambavyo mifumo mingine ya gari inavumilia miaka na miaka. Unatakiwa uwe hivyo, maana siku ya kufanya kazi unapata nafasi moja tu na hakuna kurudia.

Basi ukielewa hapo, mahali pa kuanzia kutafuta panajionyesha penyewe: nenda kwenye waya zinazotembea. Waya iliyotulia ndani ya bodi ya gari haisumbui sana, inayosumbua ni inayokunjwa na kuvutwa kila siku, na kwenye gari kuna sehemu mbili za namna hiyo.

Ya kwanza ni chini ya siti. Pale kuna plagi za njano, njano ndo rangi inayotumika sana kwa plagi za eabegi ili mtu yeyote akiiona ajue hapa asiguse ovyo, zinakwenda kwenye eabegi ya ubavuni, kwenye kile kidude cha kukaza mkanda, saa nyingine na kwenye sensa ya kujua kama siti ina mtu. Siti ikisogezwa mbele na nyuma waya inavutika, aliyekaa nyuma anaingiza miguu anaipiga teke, mtu anasukumia chupa au mwavuli chini ya siti, anayesafisha gari anapitisha bomba la kunyonya vumbi. Gari likija taa inawaka, swali langu la kwanza huwa ni hilo, siti imesogezwa lini au gari limesafishwa lini, na mara nyingi mwenye gari anashtuka anasema eeh ni juzi tu.

Kuna gari moja naikumbuka vizuri. Taa inawaka, inakaa siku mbili imezima, inawaka tena. Plagi chini ya siti ya abiria ukiiangalia imeingia, ukiivuta kidogo haitoki, mtu mwingine angeshaiacha akaenda kutafuta kwingine. Nikalala chini na tochi nikaona ile loki ya plagi haijafunga mpaka mwisho, imebaki kama milimita 2. Milimita 2 tu! Sasa uelewe ndani ya plagi hizi kuna kispringi cha bati ambacho plagi ikichomolewa kinaziunganisha zile pini mbili za upande wa eabegi, zinakuwa shoti kwa makusudi, ili umeme tuli wa mwilini mwa mtu au wa nguo usije ukapita kwenye kiwashio ukailipua. Plagi ikiingia mpaka mwisho kunakuwa na kiulimi cha plastiki kinachokisukuma kile kispringi pembeni. Isipoingia vizuri kispringi kinabaki kinagusa gusa, gari likitikisika kinagusa, likitulia kinaachia, na kontrol boksi inaona shoti inayokuja na kuondoka. Nilizima swichi, nikachomoa betri, nikasubiri, nikaisukuma ile plagi mpaka ikalia tk, basi. Kazi ya kutafuta ilikuwa nusu siku, kazi ya kutengeneza sekunde moja.

Sehemu ya pili ni ndani ya usukani. Usukani unazunguka, nguzo yake haizunguki, umeme unavukaje? Kuna kitu kinaitwa klokspringi, boksi la plastiki la duara na ndani yake kuna utepe mwembamba wenye njia za shaba umezungushwa kama utepe wa fundi cherehani, ukikata kona kushoto unajikaza, kulia unajilegeza. Baada ya miaka ya kukunjwa hivyo njia moja inapasuka. Dalili yake ukiijua haikupotei: taa ya eabegi imewaka na honi imekufa kwa pamoja, au batani za redio za kwenye usukani hazijibu, kwa sababu zote zinapita kwenye utepe uleule. Ukiwa na mashine ya kusomea kompyuta ya gari inayoonyesha omu za eabegi moja kwa moja, ni nzuri sana kuangalia: unazungusha usukani polepole, kioo kinasema 2.2, 2.2, 2.3, unafika karibu na mwisho wa kulia inaruka 7, halafu inasema njia imekatika, ukirudisha kati inarudi 2.2 kama vile hakuna kilichotokea. Hapo huna haja ya kubishana na mtu, klokspringi haitengenezwi, inabadilishwa, na wakati wa kuifunga mpya matairi yawe yamenyooka na yenyewe iwe katikati ya mizunguko yake, la sivyo kona kali ya kwanza tu inakata utepe mpya.

Kuhusu mashine, zile za bei rahisi nyingi zinasoma namba za makosa ya injini peke yake, zenye herufi P mbele. Za eabegi kwa kawaida zina herufi B, kwa hiyo mtu akikupimia akakwambia gari halina kosa lolote na taa inawaka mbele ya macho yenu wote wawili, mashine yake haikufika huko. Na namba haikwambii kitu cha kununua. Ikisema eabegi ya dereva ukinzani umezidi, imetaja njia nzima kuanzia kontrol boksi mpaka kwenye kiwashio, na kwenye njia hiyo eabegi ni kitu cha mwisho mimi kukishuku.

Sasa naomba hapa usome taratibu. Kabla ya kugusa plagi yoyote ya njano zima swichi, toa waya wa hasi wa betri, alafu subiri. Kontrol boksi ina kapasita inayotunza umeme ili ajali ikikata betri eabegi bado zifumuke, kwa hiyo betri ikiwa nje mfumo bado uko hai. Kuna kampuni zinasema dakika 1, nyingine 3, nyingine 10 au zaidi, fuata kitabu cha gari lako na kama huna kitabu subiri zaidi. Pili, usipime eabegi kwa mita. Naelewa mkono unawasha, unataka kujua kama ina zile omu 2, lakini mita nayo inapitisha umeme, na kuna viwashio vinavyolipuka kwa ampia 1.2 kwa milisekunde 2 tu. Taa ya kupimia ndo mbaya kabisa. Ukilazimika kuibeba eabegi, upande wa kifuniko uangalie mbali na mwili wako, na ukiiweka mezani uso wake uwe juu.

Utapimaje basi? Kwa rezista ya omu 2, kidude kidogo cha kubana umeme ambacho hakilipuki. Unachomoa eabegi, mahali pake unaweka rezista yenye ukinzani kama wa kiwashio, unarudisha betri, unasoma namba. Kosa likiondoka, eabegi ndo mbovu kweli. Kosa likibaki, tatizo liko kwenye waya, unaendelea kusogea kuelekea kontrol boksi plagi moja baada ya nyingine, na sasa ukiwa na rezista unaweza kutikisa waya vizuri bila hofu ya kulipua kitu. Pini ikiwa na ukijani wa kutu isafishe kwa spirei ya plagi, iliyolegea ibadilishwe. Waya iliyokatika kampuni nyingi hazitaki iungwe kwa risasi ovyo, wengine wana viungio vyao maalumu, wengine wanataka waya nzima mpya.

Rezista hiyohiyo ndo inanitia uchungu, kwa sababu kuna watu wanaiacha humo humo. Eabegi imeshafumuka kwenye ajali, wanafunga kifuniko kipya kizuri, ndani wanaweka rezista, kontrol boksi inaona omu 2 inaridhika, taa inazima, gari linauzwa kwa familia. Wengine wanatoa taa yenyewe au wanaiunga na taa nyingine ya dashibodi ili zizime pamoja. Ukienda kuangalia gari, washa swichi bila kuwasha injini na uangalie ile taa peke yake. Isipowaka kabisa, imeguswa au imekufa. Ikizima sekunde ileile injini inapoanza kuunguruma, pamoja na taa ya chaji au ya oili, hiyo nayo ishuku, ya eabegi inahesabu sekunde zake yenyewe. Rezista kwa kuangalia taa hutaijua, hiyo mpaka fundi unayemwamini afungue kifuniko cha usukani, tena betri ikiwa nje.

Na ukishatengeneza usitegemee kuchomoa betri kufuta kosa, magari mengi yanalitunza kwenye memori isiyohitaji umeme, linafutwa kwa mashine. Futa, washa swichi, sogeza siti mpaka mbele na mpaka nyuma, zungusha usukani mwisho hadi mwisho, soma tena. Ile gari ya plagi ya milimita 2 niliifanyia hivyo mara tatu, namba ikabaki 2.1 haitikisiki.