Ukiomba msaada wa Linux, usiseme tu "imekataa"

Wakuu, leo naongea na nyie mlioanza Linux, ule mfumo wa kompyuta wa bure unaokaa badala ya Windows, juzi juzi hapa mjini Dodoma. Meseji ninayopata kuliko zote ni "fundi shikamoo, ile Linux imekataa", halafu basi, hakuna kingine. Sasa imekataa kuwaka, imekataa Waifai, imekataa pasiwedi, mi nitajuaje nikiwa niko Sabasaba na wewe uko Nkuhungu?

Najua mnatoka wapi. Windows 10 iliishiwa sapoti tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa mpya mpya, kwa hiyo laptopu used ambayo iko fiti kabisa inaambiwa haifai. Wengi nawawekea Linux Mint, aina moja ya Linux, yenye muonekano mwepesi wa Xfce, maana RAM ni 4GB na Xfce haina makuu. Kuinstoli ni kazi ndogo, kasheshe inaanza mtu akifika nyumbani akabaki na mashine peke yake.

Kuna vitu vinatisha bure. Ukiandika komandi yenye sudo (inayoomba ruhusa ya msimamizi) kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia komandi, itakuomba pasiwedi, na kwenye baadhi ya Linux ukiandika hutaona kitu, hata vinyota havitokei, dada mmoja wa Makole alishaamini kibodi imekufa akataka kununua nyingine. Haijafa, inaficha tu, andika mpaka mwisho bonyeza Enter.

Halafu kuna hii ya umeme. Betri za used nyingi zimechoka, mashine inaishi kwa chaja, sasa uko katikati ya kuapdeti umeme unakata, puu, inazima. Ukiwasha tena kila ukitaka kuweka programu inakuletea: "dpkg was interrupted, you must manually run 'sudo dpkg --configure -a' to correct the problem." Mtu akiona Kiingereza kirefu anafunga haraka haraka anakimbilia kwa fundi eti Linux imeharibika. Lakini hebu soma tena hapo katikati, dawa imeandikwa humo humo! Unakopi ile komandi iliyo kwenye alama za kunukuu, unabandika kwenye terminali, inamalizia kazi iliyokatika na mara nyingi yameisha, hela ya bodaboda ya kuja kwangu imebaki mfukoni.

Ndio maana nasisitiza leteni ujumbe wote kama ulivyo, herufi kwa herufi. Kopi maandishi, usipige picha skrini kwa simu ikiwa na mng'ao wa taa katikati. Ukiona "Could not get lock" usifuate wanaokwambia ufute faili la lock (kufuli la mfumo wa kuweka programu), mara nyingi ni apdeti nyingine inaendelea kimya kimya nyuma ya pazia, we subiri imalize.

Pamoja na ujumbe niambie ulifanya nini kabla haijaharibika, hapo ndo watu wanapoficha, "sijagusa kitu", kumbe jana ulifuta programu tatu. Na niambie mashine ni ipi. Andika inxi -Fxz kwenye terminali, itamwaga kila kitu, prosesa, RAM, kadi ya Waifai, toleo la mfumo, na hiyo z inaficha namba za utambulisho kama MAC (namba ya kadi ya mtandao) kwa hiyo hata ukimtumia mtu usiyemjua hujajianika.

Sasa Waifai, hapa ndo kilio kikubwa. Laptopu nyingi za zamani zina kadi za Broadcom na baadhi yake draiva yake (programu ya kuendesha kadi) haiji tayari imewekwa na Linux, kwa hiyo unahitaji intaneti ili upate draiva ya kukupa intaneti, inachekesha ila ndo ilivyo. Chukua simu ya Android, chomeka waya wa USB, nenda kwenye mipangilio ya hotspot uwashe USB tethering, kompyuta itapata bando la simu bila draiva yoyote ya ziada. Fungua Driver Manager, chagua ile ya Broadcom, subiri, ristati. Kama Secure Boot (ulinzi wa mashine wakati wa kuwaka) iko on itakuwa imekutaka utunge pasiwedi, ikumbuke, maana ukiristati inakuja skrini ya bluu inakwambia bonyeza kitufe chochote na inahesabu sekunde kumi tu. Wengi wanaiacha ipite wakidhani ni virusi, halafu Waifai inabaki imekufa na lawama zinakuja kwangu. Bonyeza kitufe, chagua Enroll MOK (kusajili ufunguo wa kuiruhusu draiva), kubali, weka ile pasiwedi, imeisha.

Kuhusu kuuliza mtandaoni au kuiuliza AI, sina ugomvi, hata mimi nauliza. Ila taja toleo lako. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, Linux nyingine, kwa hiyo jibu la Ubuntu 24.04 mara nyingi litakufaa, lakini jibu la mwaka 2012 linaweza kukupa draiva au komandi ambayo haipo tena, na AI inachanganya haya matoleo kwa kujiamini kweli kweli. Usibandike kitu hujui kinafanya nini. Andika man halafu jina la komandi, itakuletea mwongozo wake, usome mistari ya juu tu inatosha kujua inahusu nini. Na mtu yeyote akikupa kitu chenye rm -rf (inafuta mafaili bila kuuliza), au dd inayoelekezwa kwenye /dev/sda (inaandika juu ya diski nzima), toa kidole kwenye Enter, nitumie kwanza nione, maana hizo zikishapita hata mimi sina cha kukusaidia kama picha za harusi zilikuwa humo tu.